Urithi Unaomngojesha Mtu Kifo cha Mwenziwe

Mwezi uliopita niliitwa nyumbani Taita na baba yangu mdogo. Hakusema ananiitia nini. Nilimkuta ameketi chini ya mparachichi, miwani puani, na mapajani ana daftari la mistari, lile la wanafunzi, alilolinunua dukani kwa shughuli hiyo. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika neno moja tu kwa herufi kubwa: WOSIA. Chini ya neno hilo hapakuwa na kitu.

Baba mdogo hakujaliwa mtoto. Ana mke, ambaye amewalea wengi wetu kama watoto wake wa kuzaa. Ana shamba la ekari nne la mahindi, maharagwe na migomba, na ng'ombe wawili wa maziwa. Ana pia watoto wa ndugu zake, kumi na mmoja kwa hesabu, nami nikiwa mmoja wao.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe umesomesha historia miaka mingi. Umesoma habari za wakubwa wa dunia. Niambie, mtu asiye na mtoto humwachia nani shamba, na huandika vipi asije akaacha vita nyuma yake?" Kisha akanyamaza, akalifunga lile daftari, akaongeza maneno ambayo hayajanitoka moyoni hata leo. "Wenzako wakija hapa siku hizi huniulizia sana kifua changu. Sijui ni mapenzi, sijui ni hesabu."

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Lakini usiku ule, nikiwa kitandani sina usingizi, nilimkumbuka mkulima mmoja wa zamani, wa nchi ya mbali, aliyekabiliwa na swali lilo hilo. Naye hakujaliwa mtoto. Naye alikuwa na mke, shamba, na watoto wengi wa ndugu. Aliandika wosia wake kwa mkono wake mwenyewe, kurasa 29, na wosia huo umehifadhiwa hadi leo. Mkulima huyo ni George Washington.

Najua walimu wenzangu watashangaa. Katika vitabu vyetu Washington ni jemadari aliyewashinda Waingereza na rais wa kwanza wa Marekani. Ni kweli. Ila kazi aliyoipenda, na aliyoirudia kila alipopata mwanya, ilikuwa kilimo: kwanza tumbaku, baadaye ngano, kando ya mto Potomac katika jimbo la Virginia. Leo sitaki kuzungumzia urais wake. Nataka kuzungumzia shamba lake, jinsi lilivyomfikia na jinsi lilivyomtoka, kwa kuwa safari ya shamba hilo ina somo kwa baba mdogo, na kwa wengi wetu tusiothubutu kulitamka neno wosia mbele ya wazee wetu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Marekani ya karne ya 17 na ya 18 ilikuwa nchi ya mashamba. Watu wengi mno waliishi kwa jembe na mifugo, na ardhi ndiyo iliyokuwa akiba yao na tegemeo lao la uzeeni. Walowezi walikuwa wamekuja na sheria za Uingereza, na kule Uingereza ardhi ya mtu aliyekufa bila wosia ilimwendea kifunguamimba wa kiume peke yake. Virginia ilifuata desturi hiyo. Massachusetts, iliyoanzishwa na watu walioishika sana Biblia, ilichukua njia nyingine. Sheria zake za mwaka 1641 zilimpa mwana wa kwanza mafungu mawili, kama ilivyoagizwa katika Kumbukumbu la Torati. Na pasipokuwa na wana wa kiume, mabinti walirithi kwa pamoja.

Mjane naye, kwa kawaida, sheria ilimpa theluthi moja ya ardhi ya mumewe. Lakini theluthi hiyo haikuwa yake ya kuuza wala ya kumwachia amtakaye. Aliitumia mpaka kufa kwake, kisha ikarudi kwa warithi wa mume. Mwanamke aliyeolewa hakuweza hata kuandika wosia wake bila idhini ya mumewe, maana alichokuwa nacho kilihesabiwa kuwa cha mume. Hali hiyo ilianza kubadilika polepole baadaye sana, kwa sheria kama ile ya Mississippi ya mwaka 1839 na ile ya New York ya mwaka 1848.

Waamerika walipopigania uhuru wao, wengine waliona si haki kumkataa mfalme kisha kuwaacha wafalme wadogo wadogo katika kila boma. Thomas Jefferson alikuwa mmoja wao. Mwaka 1785 Virginia iliufuta upendeleo wa kifunguamimba. Jefferson amesimulia katika kumbukumbu za maisha yake jinsi mzee Edmund Pendleton alivyoomba mwana wa kwanza aachiwe walau mafungu mawili. Jefferson alimjibu kwamba hilo lingekubalika lau mwana wa kwanza angekula mara mbili ya wenzake, au angefanya kazi mara mbili yao. Maadamu tumbo lake na mikono yake ni sawa na yao, fungu lake nalo na liwe sawa na lao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1787, sheria iliyotungwa kwa ajili ya nchi mpya za kaskazini ya mto Ohio iliagiza kwamba mali ya asiyeacha wosia igawanywe sawasawa kwa watoto wote, mjane apate theluthi yake, na kila wosia uandikwe na kushuhudiwa na watu watatu.

Hayo ndiyo maneno ya sheria. Maisha ya shambani yalikuwa na maneno yake. Mkulima wa kawaida wa New England hakuwa na ardhi ya kumtosheleza kila mwana. Angeikata vipande vidogo vidogo, asingepata mtu wa kushiba. Kwa hiyo aghalabu alimchagua mmoja wa kubaki katika boma, naye huyo akatwikwa mzigo: awalipe ndugu zake mafungu yao kwa fedha au mifugo, na amtunze mama yake mpaka mwisho. Na utunzaji huo haukuachiwa huruma. Uliandikwa kinaganaga. Mjane apewe chumba fulani cha nyumba, upande wa mashariki au wa magharibi. Apewe ng'ombe mmoja na majani ya kumlisha. Apelekewe kuni kiasi fulani, tena zilizokwisha kupasuliwa. Apewe vipimo kadhaa vya mahindi kila mwaka. Awe na ruhusa ya kupita jikoni na kuteka maji kisimani.

Mwanafunzi akiyasoma hayo kwa mara ya kwanza hucheka. Huuliza ni mtoto gani wa kuandikiwa kwamba mama yake aruhusiwe kuteka maji. Lakini mwenye kuandika alijua alitendalo. Alijua kwamba mwanawe ataoa, kwamba nyumba itapata bibi mwingine, na kwamba mwanamke aliyeitawala jiko ile miaka thelathini huenda akajikuta anaomba njia ya kupita. Kwa kuandika, aliligeuza fadhila kuwa deni. Mjane hakuhitaji tena kuomba, alikuwa akidai.

Hata hivyo palikuwa na kasoro kubwa katika mpango huo. Mwanahistoria Philip Greven, katika uchunguzi wake wa mji wa Andover huko Massachusetts uliochapishwa mwaka 1970, alionyesha jinsi wazee wa kwanza wa mji huo walivyowakatia wana wao mashamba ya kulima na kujenga, ila hati wakabaki nazo wenyewe mpaka kufa kwao. Mwana alichelewa kuoa kwa kumngojea baba, na hata alipokwisha kuoa na kupata watoto, aliendelea kulima ardhi isiyokuwa yake. Bila shaka wazee hao walikuwa na hoja: atakayetoa hati leo, kesho nani atamletea uji? Lakini hebu fikiria nyumba ambayo kila mwenye nguvu ndani yake anamngojea asiye na nguvu afe ndipo maisha yake yaanze. Watu hao huenda wakapendana kwa dhati. Bado kila kikohozi cha mzee kitakuwa na maana mbili. Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya baba mdogo kuhusu kifua chake.

Sasa turudi kwa Washington, kwa maana maisha yake yote yalikuwa ya kungojea na kungojewa.

Baba yake, Augustine Washington, alifariki mwaka 1743, George akiwa na umri wa miaka 11. Mzee huyo alikuwa amefiwa na mke wa kwanza akaoa wa pili, na George alikuwa mwana wa huyo wa pili. Lawrence, mwana mkubwa wa mke wa kwanza, ndiye aliyepata shamba la kando ya Potomac, akaliita Mount Vernon. George aliachiwa shamba jingine karibu na mji wa Fredericksburg, nalo mama yake aliendelea kulikalia miaka mingi hata baada ya George kuwa mtu mzima.

Lawrence alifariki mwaka 1752. Katika wosia wake alimpa mkewe, Ann, haki ya kulitumia shamba maisha yake yote, kisha limwendee binti yao mchanga, Sarah. Na iwapo Sarah angekufa bila mtoto, lije kwa George. Sarah alifariki mwaka 1754. Tangu hapo, kati ya George na shamba palibaki uhai wa mtu mmoja tu, yaani Ann, shemeji yake, ambaye alikuwa amekwisha kuolewa na mume mwingine. George alimwendea akalikodi shamba kwa ratili 15,000 za tumbaku kwa mwaka. Kwa miaka zaidi ya sita alilipia shamba ambalo lingekuwa lake bure siku mjane huyo atakapofumba macho. Ann alifariki mwaka 1761, na Mount Vernon ikawa ya George. Simdhanii kumtakia shemeji yake mabaya. Lakini nani angetaka kuwa Ann, akijua kwamba kila tumbaku inapopimwa kuna mtu mwingine anayehesabu miaka?

Zikapita vita na urais. Mwezi wa Julai 1799 Washington, mzee wa miaka 67, aliketi akaandika wosia. Jambo la kwanza aliloliagiza ni madeni yake yote yalipwe upesi. Jambo la pili ni kumpa mkewe, Martha, matumizi ya mali yake yote, isipokuwa vichache alivyovitaja, kwa muda wa maisha yake. Baada ya Martha, nyumba ya Mount Vernon na ardhi inayoizunguka ilimwendea Bushrod Washington, mtoto wa ndugu yake John Augustine. Waingereza wana neno moja tu la mtoto wa kaka na mtoto wa dada. Sisi tungesema Bushrod alikuwa mwanawe, na Washington kwake alikuwa baba mkubwa.

Kwa nini Bushrod, katika kundi zima la watoto wa ndugu? Washington hakuacha watu wakisie. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni ahadi ya zamani. Katika vita vya Waingereza na Wafaransa vya miaka ya 1750, yeye na John Augustine wakiwa bado makapera, John Augustine alikubali kumtunzia shamba wakati yeye yuko vitani. Washington akamdokezea kwamba akifa huko, Mount Vernon itakuwa yake. Hakufa. Miaka zaidi ya arobaini ikapita. John Augustine mwenyewe alifariki mwaka 1787. Hakuna mahakama ambayo ingemdai Washington hata senti kwa maneno hayo ya vijana wawili. Lakini ahadi ni deni. Aliyestahili kulipwa alikuwa kaburini, basi mzee akamlipa mwanawe, tena akaandika ni kwa nini, ili ndugu wengine wasije wakadhani kwamba Bushrod alipendelewa kwa uso wake.

Hapo Washington anastahili sifa. Mgala muue na haki umpe. Hata hivyo nisingekuwa mwalimu wa haki kama ningeishia hapo, kwani shamba lile halikulimwa na Washington wala na ndugu zake. Lililimwa na watumwa.

Mwaka 1799 palikuwa na watumwa zaidi ya 300 katika mashamba ya Mount Vernon. Kati yao, 123 walikuwa wa Washington mwenyewe. Wengine 153 walitokana na mali ya mume wa kwanza wa Martha, Daniel Parke Custis. Custis alifariki mwaka 1757 bila kuacha wosia. Kwa hiyo sheria ikafanya kazi yake: mjane akapewa theluthi yake ya kutumia maisha yake yote, na ndani ya theluthi hiyo mlikuwa na binadamu. Wao na watoto wao walipaswa kurudi kwa warithi wa Custis siku Martha atakapokufa. Si Martha wala Washington aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kuwaacha huru.

Baada ya miaka arobaini ya kuishi pamoja, watu wa makundi hayo mawili walikuwa wameoana na kuzaa. Washington aliamua kuwapa uhuru wale waliokuwa wake, ila siku ya kufa kwa Martha, kwa kuwa, alivyoeleza, kuwatenganisha mapema kungeleta uchungu mkubwa. Aliagiza wazee na wagonjwa miongoni mwao walishwe na kuvishwa maisha yao yote, na watoto wasio na wazazi wafundishwe kusoma, kuandika na kazi ya mikono. Mmoja tu, William Lee, aliyekuwa naye vitani, alipewa uhuru papo hapo pamoja na dola 30 kila mwaka.

Washington alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Sasa tazama kilichotokea. Nyumba moja ilikuwa na mama mzee mjane, na kuizunguka nyumba hiyo palikuwa na watu zaidi ya mia moja waliojua kwamba uhuru wao utaanza pumzi yake itakapokoma. Mwaka uliofuata Abigail Adams, mke wa rais wa wakati huo, alimtembelea Martha, kisha akamwandikia dada yake kwamba mjane huyo haoni kama maisha yake yako salama. Tarehe 1 Januari 1801 Martha aliwaacha watu hao huru bila kungoja kufa.

Sisemi kwamba yeyote alikusudia kumdhuru. Wala siwalaumu waliokuwa wakihesabu siku. Mtumwa asipoutamani uhuru atamani nini? Mpango wenyewe ndio uliokuwa mbaya. Mume aliyempenda mkewe alimwekea mkewe huyo, kwa wino wake mwenyewe, watu zaidi ya mia moja wenye sababu ya kufurahia msiba wake.

Martha alifariki Mei 1802. Wale wa urithi wa Custis waligawanywa kwa wajukuu wake wanne. Kwa kuwa kisheria mtoto alifuata hali ya mama, baba aliyekuwa huru aliweza kusimama barabarani akamtazama mkewe mtumwa na watoto wake wakipelekwa shamba la mbali. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kifo cha mtu asiyeandika wosia, kilichotokea miaka 45 kabla. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Watu hao walikuwepo siku zote, walipika na kulima na kuwalea watoto wa wenye mali, lakini katika mirathi walihesabiwa pamoja na vyombo.

Na Bushrod? Yeye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani tangu mwaka 1798. Alirithi nyumba kubwa na ardhi, lakini hakurithi watu wa kuilima, akaleta watumwa wake mwenyewe. Shamba halikumpa faida. Mwaka 1821 aliwauza 54 kati ya watumwa hao, wakapelekwa Louisiana, na magazeti yakamshambulia. Watu waliuliza iweje mrithi wa Washington atende hivyo. Swali hilo lina jibu moja tu: alirithi ardhi ya baba yake mkubwa, hakuurithi moyo aliokuwa nao mzee mwishoni mwa maisha yake. Moyo hauandikiki katika wosia. Bushrod naye alifariki mwaka 1829 bila mtoto, akamwachia shamba mtoto wa ndugu yake. Mwaka 1858 jamaa waliobaki waliiuza nyumba na ekari 200 kwa dola 200,000. Walionunua walikuwa chama cha wanawake, kilichoanzishwa na Ann Pamela Cunningham, nacho ndicho kinachoitunza nyumba hiyo mpaka leo. Shamba ambalo Ann na Martha waliruhusiwa kulitumia tu, bila kulimiliki, liliokolewa na wanawake.

Msomaji atauliza haya yote yanahusu nini mzee wa Taita mwenye ekari nne. Yanamhusu kwa sababu sheria yetu na yao zilitoka chungu kimoja, Uingereza. Sheria yetu ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, humpa mjane wa mtu asiyeacha wosia haki ya kuitumia sehemu kubwa ya mali kwa maisha yake, kisha mali hiyo ikawaendea wengine. Yaani baba mdogo akifa na daftari lake likiwa na neno moja, mama mdogo ataweza kugeuka Ann, na sisi kumi na mmoja tutageuka vijana wanaopima tumbaku.

Asubuhi nilimsimulia hadithi yote. Alisikiliza bila kunikatiza, isipokuwa mara moja, nilipomwambia kwamba Washington, pamoja na umakini wake wote, alipoandika tarehe mwishoni mwa wosia aliisahau tisa ya mwisho, akaacha mwaka 1790 badala ya 1799. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata yeye," akasema, "ungemkata alama."

Kisha nikamwambia mambo ambayo naona yanafaa kuchukuliwa kwa mkulima yule. Ataje madeni kwanza, yale ya fedha na yale ya fadhila. Aandike sababu, kwa maana watu hupigana zaidi juu ya wasichokielewa kuliko juu ya walichonyimwa. Na aige kifungu kimoja kilicho karibu na mwisho wa wosia ule: Washington aliagiza kwamba ugomvi wowote ukizuka usipelekwe mahakamani, bali uamuliwe na watu watatu waadilifu na wenye busara, kila upande ukichagua mmoja na hao wawili wakamchagua wa tatu, na neno lao liwe la mwisho. Hapo baba mdogo akatikisa kichwa. Alisema hilo hakulihitaji kutoka Marekani. Wazee wa hapa wamelifanya tangu azaliwe.

Nikamwambia pia jambo ambalo Washington alilikosea. Usimwachie mtu kitu ambacho ataanza kukifurahia siku mwingine atakapokufa, ukiweza kuliepuka hilo. Unachotaka kumpa mtu, na unaweza kukitoa leo, kitoe leo. Unachotaka kumwachia mkeo, mwachie kiwe chake, aweze hata kukuuzia kaburi akitaka.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akafungua daftari akaanza kunitajia, nami nikiandika. Nyumba na ekari mbili ni za mama mdogo, mali yake halisi, amwachie amtakaye. Ekari moja apewe sasa hivi, hati ikatwe yeye akiwa hai, binti wa marehemu shangazi yetu, ambaye kwa miaka sita ndiye aliyekuwa akiwakamua ng'ombe alfajiri na kumpeleka hospitali. Akaeleza sababu, akataka iandikwe neno kwa neno. Ekari iliyobaki ni ya yule kijana anayeilima, ambaye amekwisha kuipanda miti. Wengine wetu tuliachiwa shukrani, na kila mmoja mche wa parachichi.

Tulipomaliza aliniuliza mimi nataka nini. Nikamwambia kwamba wosia wa kuandikwa kwa sheria yetu unahitaji mashahidi wawili, na shahidi hafai kuwa mrithi. Basi mche wangu na aupewe mwingine, mimi nitatia sahihi. Jirani akaitwa, akatia yake.

Niliporudi huko juzi nilimkuta mmoja wa ndugu zangu kibarazani. Alikuwa amekwisha kuambiwa kila kitu, kwani baba mdogo alituita sote akatusomea. Nilimsikia akimuuliza mzee, "Baba, kifua kinaendeleaje?" Na mzee, bila kumtupia jicho, akamjibu kwa urefu: kwamba usiku kinabana, kwamba dawa ya wiki hii ni chungu, kwamba baridi ya mlimani si rafiki. Alikuwa hajawahi kutuambia.